Tairi kubwa kwenye Hilux kuukuu: linapogusa, linapotetemeka, linapoishiwa upepo

Toyota Hilux ya toleo la LN106 bado inafanya kazi Mombasa, na sababu yake inaonekana ukiinama chini ya bampa: ekseli nzima mbele, springi za majani kila kona, na injini ya dizeli ya 2.8 ambayo mafundi huiita 3L. Gari la namna hii linapanda mawe polepole vizuri kuliko magari mengi mapya. Tatizo huanza mwenye gari anapotaka tairi kubwa. Tairi hufungwa gari likiwa limesimama sawa juu ya saruji ya gereji, kila kitu kinaonekana kina nafasi, na wiki inayofuata kwenye mabonde ya upande wa Kinango tairi hilohilo linachana fenda.

Kusugua kwa namna hii mara nyingi kunatokana na kosa hilo moja: gari lilipimwa likiwa limetulia, na si likiwa limepinda. Dalili nyingine zilizo hapa chini zina vyanzo vyake.

Kwanza namba. Tairi la kiwandani, 205R16, lina kipenyo cha takriban milimita 735. Yanayowekwa mara nyingi badala yake ni haya:

- 7.50R16: takriban 805, jembamba
- 235/85R16: takriban 806, jembamba
- 265/75R16: takriban 804, pana
- 31x10.5R15: takriban 787, pana, rimu ya inchi 15
- 285/75R16: takriban 834, pana sana kwa gari hili

Kutoka 735 hadi 805 ni milimita 70, lakini difu (kile kifuko cha gia kilicho kwenye ekseli) inapanda nusu yake tu, milimita 35. Mtu akikuahidi zaidi bila kugusa springi, hajapima.

Ushauri wetu kwa LN106 yenye rimu zake nyembamba za chuma ni 7.50R16. Inakaa sawasawa kwenye rimu ya upana wa inchi 5.5 au 6. Tairi la 265 linataka rimu ya inchi 7 hadi 8; ukilibana kwenye rimu ya 5.5 linavimba katikati, linaisha katikati, na ukilipunguza upepo mdomo wake unaponyoka kwenye rimu. Urefu wa mawili haya ni mmoja. Tofauti ni upana, na upana ndio unaogusa vitu.

Jambo la rimu lina mtego mwingine. LN106 ina stadi (boliti za gurudumu) sita kwa duara la milimita 139.7. Land Cruiser za zamani zina duara hilohilo, kwa hiyo rimu zake huingia. Land Cruiser ya 79 iliyotoka kuanzia 1999 ina stadi tano. Zihesabu kabla ya kulipa.

Tairi linasugua

Usikisie linagusa wapi. Paka chaki nene kwenye mabega ya tairi la mbele, ya ndani na ya nje, kisha ulipinde gari. Tafuta mtaro au kichuguu ambapo gurudumu la mbele kulia na la nyuma kushoto yatapanda sentimita 30 hivi na mengine mawili yabaki chini. Kama huna mtaro, tumia mbao nene zilizopangwa na kupigiliwa misumari pamoja. Usitumie matofali wala mawe ya kujengea. Mawe ya matumbawe hasa hupasuka ghafla yakibeba uzito. Zungusha usukani hadi mwisho kulia, kisha kushoto, polepole, halafu badilisha upande wa kupanda. Msaidizi atazame kwa tochi, mikono yake ikae mbali na tairi. Chaki itahama. Mahali ilipohamia ndipo penye jibu.

Chaki ikionekana kwenye springi yenyewe, tairi liko ndani mno. Dawa ya kwanza ni boliti ya kikomo cha usukani iliyo nyuma ya goti la ekseli, kile kiungo ambacho gurudumu la mbele hugeukia. Legeza nati yake ya kufungia, itoe nje nyuzi kadhaa, uache nafasi ya milimita 15 hadi 20 kati ya tairi na springi usukani ukiwa umeishia. Gari litahitaji uwanja mpana zaidi kugeuka, na kwenye vichochoro vya Mji wa Kale utalisikia hilo, lakini springi haitakula tairi. Dawa ya pili ni rimu inayotoka nje zaidi. Hapa pana jambo ambalo wengi hawalitarajii: rimu ikitoka nje, tairi linachora duara kubwa zaidi linapokata kona. Umeokoa springi, sasa unagonga fenda. Kwa hiyo anza na boliti.

Chaki ikionekana nyuma ya fenda, chini karibu na mlango, utakuta ukingo wa bati mbili zilizounganishwa unaochomoza kama ulimi. Huo unaweza kulazwa. Upashe joto kidogo, ulaze kwa nyundo ukielekea ndani, kisha safisha na upake redi oksaidi tabaka mbili kabla ya rangi. Bati lililokatwa au kupigwa hapa pwani likiachwa wazi, kutu inaingia kati ya zile bati mbili na utaiona mara ya kwanza ikiwa imeshatoboa upande wa pili.

Chaki ikionekana juu, kwenye dari la fenda, sikiliza vizuri: springi ndefu haziponyi tatizo hili. Springi iliyoinuliwa inaongeza urefu gari likiwa limesimama, lakini jiwe linapoisukuma mpaka mwisho, ekseli inafika palepale ilipokuwa ikifika zamani, pale inapougonga mpira wa kikomo. Linalotakiwa ni kurefusha kile kikomo. Weka kipande cha chuma cha milimita 25 hadi 40 kati ya mpira na mahali unapofungwa, kwa boliti ndefu za daraja la 8.8. Kisha hakikisha shoki haifiki mwisho wake kabla ya mpira kugusa, maana shoki inayogonga ndani hupasuka mdomo na kuvuja.

Na kuhusu kuongeza majani ya springi, desturi ya gereji nyingi: majani mawili ya ziada yanainua gari, ndiyo, lakini yanalifanya gumu kama mkokoteni. Kwenye mawe gurudumu linaning'inia hewani badala ya kushuka kufuata ardhi, na gari la kupanda mawe linalobaki na magurudumu mawili hewani halina faida na hizo tairi kubwa. Seti ya springi mpya zenye mkunjo mkubwa, zinazoinua milimita 40 hadi 50, inatosha kwa tairi la 805. Tairi la 834 linataka zaidi, pamoja na kukata fenda, na hapo gharama inaanza kupita thamani ya gari.

Usukani unatetemeka kati ya kilomita 60 na 80 kwa saa

Fuata mpangilio huu, kutoka kwa rahisi kwenda kwa gumu, maana watu wengi hununua shoki ya usukani kwanza, nayo inaficha ugonjwa tu.

Tazama ndani ya rimu. Udongo mwekundu wa bara ukikauka ndani ya rimu, gramu mia moja upande mmoja zinatosha kutikisa usukani. Osha kwa presha, jaribu tena.

Kisha balansi. Tairi zito lenye meno makubwa linahitaji risasi (vizito vya kusawazisha) nyingi, na mashine ndogo za kando ya barabara haziwezi kulisoma vizuri. Mwambie fundi alizungushe tairi nusu duara juu ya rimu kama risasi zinazidi gramu 150 upande mmoja.

Kama bado, inua gurudumu moja la mbele kwa jeki, weka stendi chini ya ekseli, shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwenzako akanyage breki huku ukiendelea kutikisa. Mchezo ukipotea, beringi za gurudumu zimelegea. Mchezo ukibaki vilevile, ni beringi za kingpini, zile mbili zilizo juu na chini ya goti. Kipimo hiki hakigharimu kitu na kinaokoa siku nzima ya kufungua visivyohusika. Beringi za kingpini zikifungwa upya, goti likiwa halijaunganishwa na rodi ya usukani, mzani wa kuvuta uliofungwa kwenye tundu la rodi usome kati ya kilo 3 na 6 ndipo goti lianze kusogea. Ikisoma pungufu, punguza shimu (zile bati nyembamba za kujazia nafasi); ikizidi, ongeza.

Sasa shika tairi kushoto na kulia, utikise. Mchezo hapa ni wa tairodi, rodi inayounganisha magurudumu mawili ya mbele, na ncha zake. Halafu mtu azungushe usukani kidogo, kulia na kushoto, injini ikiwa imezimwa, nawe uweke kiganja juu ya kila kiungo kwa zamu, na juu ya bushi za springi. Kilicholegea utakisikia mkononi kabla hujakiona.

Vyote vikiwa vizima na gari liliinuliwa, chanzo ni pembe ya ekseli. Kwenye LN106 sheko za springi za mbele, zile bawaba zinazoning'iniza ncha ya springi kwenye chesisi, ziko upande wa mbele. Ukiweka sheko ndefu, ncha ya mbele ya springi inashuka, ekseli inainama mbele kwa juu, na usukani unapoteza ile hamu ya kurudi wenyewe baada ya kona. Dalili yake ni gari kutangatanga kwenye lami na usukani kuwa mwepesi isivyo kawaida. Kabari za chuma za nyuzi 2 hadi 4 kati ya springi na ekseli zinarudisha pembe, upande mnene ukiwekwa pale utakapolaza juu ya ekseli kuelekea nyuma. Usizidishe: kadiri unavyoilaza, ndivyo pua ya difu ya mbele inavyoelekea chini na propela ya mbele (shafti inayozungusha difu) kuumia. Kabari ziwe za chuma. Za alumini hupasuka, na zikipasuka yu-bolti, zile zinazofunga springi kwenye ekseli, zinalegea zote. Yu-bolti zikifunguliwa, weka mpya. Za zamani zimeshavutika.

Mwisho pima alaimenti, milimita 1 hadi 3 za kuelekea ndani.

Gari limekuwa zito, klachi inanuka

Tairi la 805 badala ya 735 ni gia ndefu zaidi kwa asilimia 9 na nusu. Difu ya 4.1, yaani propela inazunguka mara 4.1 kwa kila duara la magurudumu, inafanya kazi kama ya 3.74. Kwenye lami ya Nyali hutajali. Kwenye mwinuko wa kwenda Mazeras ukiwa na mzigo utashusha gia mapema, na geji ya joto itapanda. Kwenye mawe ndiko kubaya zaidi, kwa sababu hata kwenye L4 (fowili ya gia nzito), gia ya kwanza, gari linakwenda kasi kuliko unavyotaka, unakanyaga klachi nusu nusu, na klachi inaungua.

Jua difu uliyonayo. Gari liwe kwenye niutro, magurudumu ya mbele yamewekewa kabari, hendibreki imeachiwa. Inua gurudumu moja la nyuma, jingine libaki chini. Piga alama ya chaki kwenye tairi na kwenye propela. Zungusha tairi duara mbili kamili, mwenzako ahesabu mizunguko ya propela. Minne na kidogo ni 4.1, minne na nusu na kidogo ni 4.556. Kwa tairi la 805, difu ya 4.556 inakurudisha karibu kabisa na hali ya kiwandani.

Ukibadilisha, badilisha mbele na nyuma. Difu mbili zisizolingana zinapigana kila unapoingiza fowili (magurudumu yote manne kuvuta): lever inakwama, gari linakuwa kama limeshikwa breki, na kitu kinavunjika, kwa kawaida kwenye transfa, boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma. Dalili hiyohiyo hutokea kama tairi mbili ni mpya na mbili zimeisha. Zote nne ziwe sawa. La akiba pia.

Spidi mita nayo inadanganya: ikisoma 80 unakwenda karibu 88.

Breki ni ndefu, au nyuma hazishiki

Tairi kubwa ni nzito na lina mkono mrefu zaidi dhidi ya breki, kwa hiyo kupungua kwa nguvu kidogo ni jambo la kawaida. Ila kama zilidhoofika ghafla baada ya kuinua springi za nyuma, chungulia juu ya ekseli ya nyuma. Kuna fimbo nyembamba inayotoka kwenye ekseli kwenda kwenye vali iliyofungwa kwenye chesisi. Vali hiyo inapima mzigo kwa umbali uliopo kati ya ekseli na chesisi. Ukiinua gari milimita 50, yenyewe inadhani gari ni tupu kabisa, inanyima breki za nyuma mafuta. Inua sehemu inayoshikilia fimbo kwenye ekseli, au refusha fimbo, kwa kiasi kilekile ulichoinua. Usiifunge kwa waya wala kuiondoa. Gari tupu lenye breki kali nyuma huzunguka kwenye lami yenye mvua.

Gari likiwa limepinda kwenye kile kipimo cha mwanzo, angalia pia hozi za breki. Zisivutike kama kamba ya kuanikia nguo.

Upepo unashuka kila siku kidogo

Hili ni tatizo la pwani hasa. Fungua tairi na utazame mahali mdomo wake unapokaa kwenye rimu. Utakuta kutu ya magamba, kahawia, inayobanduka kwa ukucha, na chini yake vishimo vidogo. Hewa inapita humo. Dawa: brashi ya waya hadi chuma king'ae, msasa, praima, rangi nyembamba, iache ikauke siku nzima, ndipo ufunge. Ukitoka ufuoni, suuza kwa maji baridi ndani na nje siku hiyohiyo.

Kama tairi linatumia tyubu na unapenda kupunguza upepo, jua kwamba tairi linaweza kuteleza juu ya rimu na kuburuta tyubu. Valvu iliyolala upande ni onyo. Siku moja itang'oka.

Rimu za zamani zenye ringi ya kufungia zisiguswe na mtu asiyezijua. Toa upepo wote, uondoe na sindano ya valvu, kabla ya kuigusa ringi. Ikiruka inaua.

Ubavu wa tairi unachanika

Hapa tunataka kukaa kidogo, kwa sababu ushauri wa jumla wa "shusha upepo ukifika kwenye mawe" umeharibu tairi nyingi hapa kwetu. Mawe hayafanani. Jiwe la Mazeras, lile linalopasuliwa kuwa vibao vya kutandika uani, ni la mchanga, lina ukwaru kama msasa lakini kingo zake zimelainika kwenye mabonde. Juu yake shuka hadi PSI 16 au 18, tairi linajikunja na kushika vizuri. Tumbawe ni kisu. Lina vitundu na ncha, na ncha hazilainiki. Tairi lenye upepo mdogo linatoa tumbo nje, na tumbo hilo, ambalo lina tabaka chache kuliko sehemu ya kukanyagia, ndilo linalopita kwenye ncha. Juu ya tumbawe baki PSI 22 hadi 25 na upunguze mwendo kuliko kupunguza upepo. Kwenye mchanga mtupu wa ufuoni, 15. Chini ya 12 usishuke kwa rimu za kawaida. Kona moja kali na mdomo umetoka. Ukirudi lamini, jaza 32 hadi 35 kabla ya kuzidi kilomita 40 kwa saa, kwa sababu tairi laini likienda kasi kwenye joto letu linaungua kwa ndani bila kuonekana.

Kabla ya kununua tairi la mtumba, soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Jua na chumvi hukausha mpira hata kama meno bado marefu. Ukunje ubavu kwa kidole gumba. Ukiona mistari midogo kama ngozi ya kisigino kikavu, liache, hata kwa bei ya chini.

Nati zinalegea

Tazama kuzunguka kila nati. Mistari myembamba ya kutu inayotoka kwenye nati kama miale ni dalili kwamba rimu inacheza. Chanzo mara nyingi ni nati isiyo ya rimu hiyo: rimu ya chuma inataka nati yenye kichwa cha pia, na rimu nyingi za alumini za kiwandani zinataka nati yenye shingo na washa bapa. Nyuzi ni zilezile, M12 kwa 1.5, kwa hiyo ya makosa inaingia bila kulalamika. Kaza kwa mpangilio wa nyota, takriban Nm 110, kisha rudia baada ya kilomita 50. Grisi isiguse sehemu ya pia. Spesa, zile sahani za kusukuma rimu nje, nazo zikaguliwe kwa kuondoa gurudumu, maana nati zake zimejificha ndani na hazitakuonyesha kutu yoyote.

Mtetemo chini ya sakafu

Ukianza gari likiondoka na kupotea likishika mwendo, ni propela ya nyuma. Kama ni ya vipande viwili, shusha beringi ya katikati kwa washa nene, anza na milimita 10, jaribu, na usipite 25.

Kwa mwenye Hilux ya LN167

Mbele yake haina ekseli nzima. Ina vyuma vya msokoto, toshenbaa. Kuvikaza kunainua gari, lakini kunaiba nafasi ya gurudumu kushuka, na sivi jointi (viungo vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele) zinafanya kazi zikiwa zimepinda siku zote. Milimita 40 ndiyo mwisho. Buti la sivi likianza kurusha grisi ndani ya rimu, au mkono wa juu ukigonga kikomo chake kila unaposhuka kwenye tuta, umeshapita kiasi: legeza boliti za toshenbaa mizunguko miwili kila upande, pima urefu tena kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda, na upeleke gari alaimenti siku hiyohiyo.